Uliza Anti Mizigo: Mi nimefika, begi liko wapi?

Mwezi huu barua karibu zote zimekuja na kilio kimoja, watu wamebadilisha ndege njiani wamefika, mabegi hayajafika. Nimezichagua chache, majina nimeyaacha kama wenyewe walivojibatiza. Kwa mgeni wa ukurasa huu, mimi kabla ya kuandika nilikaa miaka kwenye kaunta ya mizigo iliyopotea, nimetukanwa kwa lugha kama saba hivi na mbili kati ya hizo sizijui ila tusi lilieleweka, kwaiyo hakuna swali lako litakalonishtua.

Anti shikamoo. Nilikuwa na ndege mbili, ya kwanza ikachelewa kama dakika 40. Nikakimbia mpaka viatu nikavua nikavishika mkononi, nikaikuta ya pili wanataka kufunga mlango, nikawahi. Kufika nikasimama kwenye mkanda wa mizigo mpaka ukazimwa, pamebaki kiboksi cha mtu kimoja tu. Nilikuwa nimechoka nikaenda zangu kulala nikasema ntapiga simu kesho. Kesho napiga wananiuliza namba ya ripoti, ripoti gani tena? Alafu begi si tulikuwa nalo ndege moja jamani? – Mkimbiaji Pekupeku

Marahaba mwanangu, pole na miguu. Tatizo ni hapo hapo kwenye kukimbia, umekimbia peke yako. Begi halina miguu na halijui kama mwenye nalo ana haraka.

Ngoja nikuonyeshe lilikopita. Ndege yako ya kwanza imetua, mlango wa tumboni unafunguliwa, mizigo inaanza kushushwa. Kama ni ndege kubwa mabegi yako ndani ya makontena ya bati, na kama waliopakia kule mwanzo walikuwa na akili zao siku iyo basi kontena la watu wa transiti limewekwa karibu na mlango litoke kwanza. Lisipowekwa hivo linasubiri. Likitoka linavutwa na kitrekta mpaka kwenye mitambo ya kuchambulia, begi linapandishwa mkandani, skana inasoma ile milia kwenye tegi (ule mkanda wa karatasi waliofunga kwenye mpini), airport nyingi linapita tena kwenye mashine ya usalama, ndo linaangushwa kwenye mfereji wa ndege yako ya pili, pale chini kuna mtu analiskani tena kwa mkono na kulipanga kwenye toroli. Toroli ikijaa inapelekwa ndegeni. Alafu kumbuka mlango wa mizigo haukusubiri ule wako wa abiria, wenyewe unafungwa mapema zaidi, maana lazima uzito ujulikane kabla rubani hajasaini karatasi zake. We umepita mlango wa mwisho ukihema, begi lako saa iyo pengine bado liko kwenye kontena linasubiri kitrekta.

Kila airport ina muda wake wa chini kabisa wa kubadilisha ndege, na tiketi uliyouziwa ilikuwa juu ya muda huo, ila zile dakika 40 zimeula wote. SITA, ile kampuni ya mitambo inayotumiwa na mashirika mengi kufuatilia mizigo, ilihesabu kwamba mwaka 2024 mabegi kama 6 yalipata mushkeli kwa kila abiria 1,000, na katika hayo asilimia 41 yalikwamia hapa hapa kwenye kubadilisha ndege. Mwaka 2007 ilikuwa karibu 19 kwa 1,000, kwaiyo mambo yamepoa sana ukilinganisha na enzi zangu, japo najua ukiwa umesimama umevaa fulana ya juzi takwimu hazikuvishi.

Sasa ripoti. Inaitwa PIR, wafanyakazi wote duniani wanaijua kwa jina hilo, na mahali pake ni kaunta iliyo ndani kule kule kwenye mikanda, KABLA hujapita forodha. Hukwenda, basi. Usilie, kutokuwa nayo hakujafuta haki yako, kumekupunguzia ushahidi tu. Rudi airport leo na boding pasi zote mbili na kile kistika walichokubandikia ulipokabidhi begi. Watu wanakidharau sana hicho kistika, wanakitupa na maganda ya pipi, na ndo cheti cha kuzaliwa cha begi lako. Kina tarakimu 10, ya pili mpaka ya nne zinataja kampuni ya ndege na sita za mwisho ni za begi lako peke yake. Mitambo haikujui jina wala sura, inajua hizo namba na herufi tatu za airport unakokwenda, basi. Tegi yenye namba hizo iking'oka kwenye mpini, begi linakuwa yatima.

Ukimaliza kuandikisha utapewa namba ya faili yenye herufi tano na tarakimu tano, tatu za mwanzo ni airport na mbili zinazofuata ni kampuni. Iyo ndo utaingiza kwenye tovuti yao kuangalia maendeleo. Watakuonyesha pia karatasi yenye picha za mabegi ya kila aina uchague linalofanana na lako, usichague kwa haraka. Na sehemu ya vilivyomo ndani usiandike "nguo na viatu", mwanangu, dunia nzima imebeba nguo na viatu. Andika kitu cha ajabu. Nilishawahi kumpata mwenye begi jeusi lisilo na tegi, jeusi kama mengine 60 yaliyokuwa stoo, kwa sababu mama mmoja aliandika "kiatu kimoja cha mtoto cha kijani, mwavuli uliovunjika mpini". Tulifungua, kiatu hiki hapa, mwavuli huu hapa. Kwanini alikuwa anasafiri na mwavuli uliovunjika sikumuuliza.

Kuhusu kusubiri, SITA hao hao wanasema kwa mwaka 2024 mabegi kama mawili katika matatu yalirudishwa ndani ya saa 48. Kwaiyo la kwako kuna uwezekano mkubwa liko ndege inayofuata na tegi mpya iliyoandikwa RUSH, yaani haraka.

Anti, tiketi yangu ilikuwa moja ila kampuni mbili tofauti. Ya kwanza inasema tulilikabidhi, ya pili inasema hatukulipokea. Kila nikipiga simu narushwa upande wa pili. Nimdai nani? – Mpira wa Kona

Wote wawili kaka, na usikubali tena kurushwa. Upo mkataba wa kimataifa wa Montreal wa mwaka 1999, ulianza kufanya kazi Novemba 2003 na nchi zaidi ya 130 zimo. Kifungu cha 36 kinasema kwenye mizigo abiria anaweza kudai kwa kampuni ya kwanza, au ya mwisho, au ile iliyokuwa nalo mkononi lilipopotea, na hao wote wanabeba deni kwa pamoja. Yaani nani alilidondosha ni ugomvi wao wa ndani, wakamalizane huko.

Ila kwa utendaji, anza na aliyekufikisha mwisho. Ndivo mashirika yenyewe yalivokubaliana, kampuni ya mwisho ndo inafungua faili na kutafuta. Ukisikia "nenda kwa wenzetu" muulize kwa upole faili iko kwenye mfumo wenu au haipo, na kama ipo kwanini unanituma. Nilikuwa nakaa upande wa pili wa iyo kaunta, najua kabisa lile neno "nenda kwa wenzetu" huwa linatamkwa saa sita usiku na mtu ambaye foleni yake ina watu 30 na zamu inaisha saa sita na nusu. Sio sera ya kampuni, ni uchovu. Rudi asubuhi, au andika imeili ambayo haina uchovu.

Dada mi ndo nilichelewa mwenyewe, nilisinzia kwenye kiti pale transiti (aibu). Kufika mlangoni ndege ipo bado lakini wamenikatalia, na nikaona kwa dirisha wanashusha mabegi wanatafuta langu! Si wangeliacha tu litangulie, kuliko kuchelewesha watu wote ile? – Msinzia

Aibu gani, pale watu wanasinzia mpaka wanakoroma. Hawakukukomoa. Kuna sheria kwamba begi la abiria ambaye hakupanda haliruhusiwi kwenda bila mwenyewe, na sheria iyo imeandikwa kwa damu. Mwaka 1985 ndege ya Air India namba 182 ililipuka juu ya Atlantiki, tarehe 21 Desemba 1988 Pan Am 103 ikalipuka juu ya Lockerbie kule Uskoti, na mara zote mbili bomu lilikuwa kwenye begi ambalo mwenyewe hakupanda nalo. Tangu hapo orodha ya mabegi na orodha ya watu lazima zilingane. Kwaiyo we umesinzia, kijana wa kupakia mizigo kaingia tumboni mwa ndege na tochi anatafuta sutikesi moja katikati ya 200, ndo maana watu wote wakacheleweshwa.

Sasa utaniuliza mbona begi la yule Mkimbiaji linakuja peke yake. Hilo limechelewa kwa makosa ya kampuni, mwenye nalo hakujua wala hakupanga, na linapitishwa kwenye ukaguzi tena kabla ya kupakiwa. Ndo zile tegi za RUSH. Na kuna wakati yanasafiri mengi kuliko watu, Julai 2022 mizigo ilipofurika airport ya Heathrow kule London, kampuni ya Delta ilirusha ndege nzima ya Airbus A330 kwenda Detroit, Marekani, haina abiria hata mmoja, imebeba mabegi 1,000 yaliyokwama. Mabegi yamekaa kwa nafasi, hakuna wa kuwasumbua na kiwiko.

Habari Anti. Nilikata tiketi mbili tofauti mtandaoni maana ilitoka rahisi. Begi halikufika mwisho, kumbe liko mji wa katikati linazunguka tu. Si walipaswa kulihamisha? – Bei Poa

Hapana mdogo wangu, hili ni lako. Tiketi mbili tofauti maana yake ni safari mbili, ya kwanza ilikwisha pale katikati na begi lako lilifika salama salimini, wewe ndo hukwenda kulichukua. Zipo kampuni zenye makubaliano zinazokubali kuunganisha, nyingi hazikubali. Dawa ni moja, ukikabidhi begi usiondoke kaunta hujasoma herufi tatu kubwa kwenye tegi. Kama sio za mji wako wa mwisho, uliza hapo hapo. Na soma kweli kweli, SJC ni San Jose ya California na SJO ni San José ya Costa Rica, kaunta ikiwa na haraka herufi moja inakupeleka nchi nyingine.

Na hata kwa tiketi moja, ukiingia Marekani kutoka nje, airport ya kwanza unayotua kwa kawaida unachukua begi mwenyewe, unapita nalo forodha, unalirudisha kwenye mkanda wa koneksheni ulio pale nje kidogo. Watu wanalipita. Wanasema tegi si imeandikwa mpaka mwisho. Ndiyo imeandikwa, lakini forodha wanataka kuliona pamoja na wewe.

Shikamoo Anti. Siku ya tano leo sina begi. Nilikuja kwa usaili wa kazi, nikalazimika kununua suti, shati, viatu, na vitu vya kuogea. Nitalipwa? Na wakisema limepotea kabisa nitalipwa kiasi gani, maana mle ndani kulikuwa na vitu vya maana sana. Rafiki yangu ananiambia wanalipa kwa kilo. – Suti ya Dharura

Marahaba. Natumaini kazi umepata, ukipata umtumie ujumbe yule aliyelipoteza begi, suti mpya imekupendeza pengine.

Rafiki yako anaongea ya zamani. Kulipa kwa kilo ni ule mkataba wa Warsaw wa mwaka 1929, bado unatumika kwenye safari chache ambazo nchi zake hazijaingia Montreal. Kwa Montreal hawaangalii uzito, kuna kikomo kwa kila abiria. Nasema kila abiria na sio kila begi, hata ungekuwa na matatu. Kikomo kimewekwa kwa SDR, kile kipimo cha Shirika la Fedha la Kimataifa kinachochanganya dola, yuro, yuan, yen na pauni, ili sarafu moja ikianguka isianguke na haki yako. Kilianza 1,000, kikaenda 1,131, mwaka 2019 kikawa 1,288 na tangu tarehe 28 Desemba 2024 ni 1,519. Kwa dola za Marekani ni kama 2,000 na chenji, inapanda inashuka.

Lakini sikiliza hapa maana ndo watu wengi wanaumia. Hicho ni KIKOMO, sio zawadi. Haupewi 1,519 kwa sababu begi limepotea, unapewa ulichothibitisha kupoteza mpaka hapo. Suti uliyonunua miaka minne iliyopita wataihesabu kama suti ya miaka minne. Risiti huna ya vyote, najua, nani anatunza risiti ya soksi, ila tafuta za vile vikubwa, meseji za benki, imeili za oda, hata picha uliyopiga umevaa lile koti. Tengeneza orodha kitu kwa kitu, mwaka ulionunua na bei. Nimeona orodha imeandikwa "vitu mbalimbali" alafu mtu anashangaa akilipwa vidogo mbalimbali.

Kuhusu ulivyonunua sasa hivi, ucheleweshaji nao uko kwenye mkataba, na matumizi ya lazima na ya kiasi unayadai. Suti kwa mtu mwenye usaili kesho yake asubuhi mimi naona ni lazima na ntasimama na wewe, tena ambatisha ile barua ya kuitwa kwenye usaili, iyo ndo inaifanya suti iwe ya lazima na sio ya kujipendekeza. Ujue tu kampuni zingine hulipa nusu kwenye nguo kwa hoja kwamba zitabaki kuwa zako. Bisha kwa adabu. Vitu vya kuogea hawasumbui. Na usinunue saa ya mkononi ukasema ni dharura, nilishaletewa iyo risiti na mtu anayejiheshimu kabisa.

Siku zenyewe ziandike mahali. Begi likipita siku 21 tangu lilipotakiwa kufika halijaonekana, una haki ya kulidai kama limepotea, hata wakikuambia bado tunatafuta, na wakikiri mapema kwamba limepotea huna haja ya kusubiri 21. Likifika limechelewa, una siku 21 tangu ulipokabidhiwa kuleta malalamiko yako ya ucheleweshaji, kwa MAANDISHI. Simu sio maandishi. Kulia kaunta pia sio maandishi. Kwenda mahakamani mwisho ni miaka miwili. Ile PIR uliyojaza siku ya kwanza usidhani ndo madai, ni taarifa kwamba begi halionekani, ya madai unaandika nyingine na risiti ndani.

Na kama una bima ya safari anza nayo pia, mara nyingi inalipa haraka kuliko kampuni ya ndege, ila wengi watakuuliza PIR kwanza na watahesabu saa ngapi begi limechelewa ndo walipe. Kitu kimoja hulipwi mara mbili.

Ah, na hivo "vitu vya maana sana". Kama ni dhahabu, hela, kompyuta au hati, masharti ya kampuni nyingi yanasema visiwekwe kwenye begi la tumboni, utaanza kubishana. Mwenye kitu ghali ambacho lazima kiende chini, mkataba unamruhusu kutangaza thamani pale anapokabidhi na kulipia nyongeza, kikomo kinapanda mpaka alichotangaza. Miaka yote ile niliona watu wasiozidi vidole vya mkono mmoja wakifanya hivo, na kwa mmoja wao wenzangu wa kaunta ya mbele hawakujua fomu iko wapi.

Anti niliweka AirTag kwenye begi, kile kidude cha Apple cha kuonyesha kitu kilipo. Inanionyesha liko airport ya katikati tangu jana, hata naona jengo. Nawapigia wanasema "bado halijaonekana kwenye mfumo". Mimi naliona, wao hawalioni, nani kichaa? – Naliona

Hakuna kichaa, mnaangalia vitu viwili. Wao wanaona mara ya mwisho tegi iliposkaniwa. Tangu Juni 2018 mashirika yaliyomo IATA, ule umoja wa mashirika ya ndege duniani, yanatakiwa kufuatilia begi sehemu nne, likipokelewa, likipakiwa, likihamishwa kwenda ndege nyingine na likikabidhiwa. Begi likidondoka nyuma ya mkanda kati ya sehemu na sehemu, kwenye mfumo ni kama limeyeyuka. Kifaa chako nacho hakina satelaiti ndani, kinanong'ona kwa bluetooth, simu ya Apple ya mtu yeyote anayepita karibu ndo inakusemea. Kwaiyo usiangalie ramani tu, angalia imeonekana LINI. Dakika tano zilizopita ni ushahidi, jana mchana ni kumbukumbu.

Tangu programu ya iPhone ya 18.2 ya Desemba 2024 unaweza kutengeneza linki ya mahali kifaa kilipo ukaipa kampuni ya ndege, kampuni zaidi ya 15 zilitajwa mwanzoni kuipokea na linki inajifunga baada ya siku saba. Uliza kampuni yako kama inaipokea, iingizwe kwenye faili. Kama haipokei, andika imeili yenye namba ya faili, jina la jengo na saa, picha ya skrini chini. Usitume picha 40 kwa siku. Mtu wa kaunta ya kule akipata sentensi moja inayosema "liko terminal 2, lilionekana leo saa 9:10 alasiri" anaweza kumtuma mtu akaangalie. Akipata picha 40 na matusi anafungua faili la mwingine, samahani lakini ndo ukweli.

Begi limekuja lakini gurudumu hakuna na pembe imepasuka. Nimeligundua nyumbani. Wamesema magurudumu hawalipi. – Gurudumu Moja

Siku saba tangu ulipolipokea, kwa maandishi, na picha. Zikipita hizo umekwisha. Mkataba unasema kampuni inawajibika kwa uharibifu uliotokea begi likiwa mikononi mwake, isipokuwa kama umetokana na ubovu wa begi lenyewe. Gurudumu lililong'olewa na pembe iliyopasuka sio ubovu wa begi, mchubuko wa kawaida ndo hawalipi. Wajibu hivo hivo.

Anti mi nimechukua begi la mtu. Jeusi kama langu. Nimefungua nakutana na nguo za mzee. Naogopa wataniita mwizi. – Sio Mwizi

Lifunge, usiguse kitu, piga simu kampuni iliyoandikwa kwenye tegi sasa hivi, soma namba. Hakuna anayekuita mwizi, kuna mzee anakuombea mabaya tu. Na yeye yawezekana ndo kachukua lako, wakiwa na namba mbili wanawaunganisha siku iyo iyo. Ukimaliza, funga utepe wa rangi ya kupiga kelele kwenye begi lako.

Mwanangu, nina miaka 71, nakwenda kuona wajukuu, ndege tatu. Sijawahi kupoteza mzigo na sitaki kuanza uzeeni. Nifanyeje? – Bibi wa Ndege Tatu

Shikamoo Bibi. Ndege tatu ni kubadilisha mara mbili, kwaiyo mwambie mjukuu aliyekukatia tiketi aangalie muda wa katikati, ukiwa chini ya saa moja na nusu mimi kwa roho yangu ningembadilishia, tiketi ya bei nafuu yenye dakika 55 inalipiwa baadaye.

Dawa zako zote za safari nzima na siku kadhaa za mbele, miwani, hati, anuani ya wajukuu, na nguo moja ya kubadilisha viwe kwenye mkoba unaopanda nao. Kuna wakati ndege imejaa wanakuja mlangoni kusema huo mkoba nao uende chini. Hapo Bibi usione haya, fungua mbele yao, toa dawa, toa miwani, na kama una ile betri ya kuchajia simu itoe pia maana hairuhusiwi kwenda tumboni. Wasubiri.

Begi kubwa piga picha, la nje na la ndani likiwa wazi limepangwa. Ndani juu ya nguo weka karatasi yenye jina, namba ya simu ya wajukuu na safari zako zote tatu zimeandikwa na tarehe, kwa sababu kile kijitegi cha ngozi cha nje ndo kinachokatika kwanza. Kistika cha risiti kisibaki nyuma ya boding pasi tu, mwambie mtu akipige picha.

Na la mwisho, nina hakika begi lako limekaa juu ya kabati na bado lina stika za safari iliyopita, vile vidogo vyenye milia vilivyobandikwa ubavuni na mpini una karatasi ya zamani umeifungia fundo. Skana ikisoma ya zamani haijui lipi la leo, begi linatupwa pembeni lisubiri mtu aje kulisoma kwa macho, na kwenye ndege tatu hiyo ni mara tatu. Vibandue vyote, vikigoma lowesha na maji ya uvuguvugu. Fanya jioni hii wakati bado una nafasi, asubuhi ya safari utakuwa unatafuta miwani.